Karani na Siku za Dhiki



Nataka kusema machache juu ya jambo ambalo sisi makarani twapenda kulizungumza jioni, tukiisha kufunga ofisi, lakini hatupendi kulifanyia kazi. Jambo lenyewe ni hili: ikija dhiki kubwa ya uchumi, kama zile zilizokwisha kuja katika nchi hii, mtumishi wa mshahara atasimama juu ya kitu gani? Nauliza sasa kwa sababu mkutano wetu u karibu, na patakuwa na maombi mawili juu ya fedha za chama. Ombi moja ni la sare mpya za Mei Mosi. La pili ni langu, nami nitalieleza hapa chini, mtu asije akasema kwamba nimemshtukiza.

Wako wanaodhani kwamba dhiki ni habari ya mbali. Na watazame Mpanda. Reli ile inayotoka Kaliua haikuletwa kwa ajili ya uzuri wa nyuso zetu, bali kwa sababu ya mgodi wa risasi wa kampuni ya Uruwira Minerals, ambao ulitoa risasi pamoja na fedha, shaba na dhahabu. Palikuwa na kazi, palikuwa na mishahara, na watu wakatoka mbali kuifuata. Mwaka 1960 mgodi ukafungwa. Mzee mmoja ambaye baba yake alikuwa mtu wa mgodi huo alinieleza kwamba jirani zao walikuwa wa namna mbili: waliokuwa wamefyeka shamba wakati mshahara bado unaingia, na waliosema watafyeka baadaye. Wale wa kwanza walibaki, na watoto wao wako mpaka leo. Wale wa pili walipanda gari moshi.

Tena wenzetu wa zamani hawakusalimika. Chama cha kwanza cha watumishi Waafrika wa Serikali katika nchi hii kiliundwa Tanga mwaka 1922, na mwanzilishi wake alikuwa Martin Kayamba. Hakikutimiza miaka kumi ila ikaja dhiki ya dunia iliyoanza mwaka 1929. Bei ya mkonge, zao kubwa la nchi, ilianguka ikapita nusu, na Serikali ikapunguza matumizi yake. Wakulima waliambiwa wazidi kulima ili kodi ipatikane, nao wakalima, lakini bei ya mazao haikuwafuata. Juu ya hayo wakaja nzige wekundu, ambao bonde la Rukwa, jirani yetu, ni mojawapo ya mahali pa kuzaliana kwao.

Lakini dhiki ninayotaka tuitazame sana ni ile iliyowapata wazazi wetu, maana mashahidi wake bado tunao mezani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, tukapigana vita mpaka 1979, na vita hula fedha. Mwaka huo huo bei ya mafuta duniani ikapanda. Viwanda vikakosa vipuri, magari yakakosa matairi, na maduka yakabaki na rafu tupu. Sabuni, sukari, mafuta ya kupikia, nguo, vyote vikawa vya foleni, na mtu aliyechoka kusimama aliweka jiwe mahali pake akaenda kuketi kivulini. Mama yangu mkubwa hufua nguo mbele ya wajukuu kwa majani ya mpapai, kuwaonyesha tu jinsi ilivyokuwa. Asema chai waliitia asali, na kwamba katika jambo hilo watu wa miombo walikuwa mabwana kuliko watu wa Dar es Salaam.

Karani wa siku zile alikuwa na mshahara. Hakukosa mshahara! Aliupokea kila mwezi, akatia sahihi, akahesabu noti zake, wala hazikumfikisha katikati ya mwezi. Ndipo wenye kalamu walipoanza kufuga kuku nyuma ya nyumba za Serikali, wake zao wakauza maandazi na vitumbua, na uwanja wa maua ukapandwa mihogo. Azimio la Arusha la 1967 lilikataza kiongozi kuwa na mishahara miwili au kupangisha nyumba, lakini njaa haisomi azimio. Mwanachuoni wa Marekani, Bibi Aili Mari Tripp, aliandika kitabu juu ya mambo hayo mwaka 1997, akionyesha ya kuwa biashara ndogo ndogo za watu wa kawaida ndizo zilizoziweka hai nyumba za mijini, na hatimaye ndizo zilizoifanya Serikali ibadili kanuni zake. Kwa ufupi, mshahara ulikuwa umekuwa kitu cha kumpa mtu heshima na nyumba ya kukaa, na chakula kilitoka mahali pengine.

Hapa nataka kusema neno juu ya fedha za akiba. Tulipokuwa shule ya sekondari ya misheni tulifundishwa kwamba mwenye busara huweka fedha benki, nami sikatai. Lakini aliyekuwa na akiba ya noti peke yake alipatwa na msiba wa pili mwaka 1986, Serikali ilipopatana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na thamani ya shilingi ikashushwa sana. Fedha zilezile, idadi ileile kitabuni, lakini baiskeli ya jana ikawa haipatikani ila kwa bei ya baiskeli mbili. Mwenye mabati, mbuzi, cherehani, au magunia ya mahindi, huyo hakulala maskini kwa tangazo la siku moja. Kwa hiyo nasema akiba igawanywe: sehemu iwe fedha, kwa maana ugonjwa haungoji mnada, na sehemu iwe vitu vinavyoliwa au vinavyofanya kazi.

Najua mtu atasema, “Wewe karani wa Sibwesa wataka tuwe walanguzi.” Sivyo. Mwaka 1983, wakati Edward Sokoine alipokuwa Waziri Mkuu, palikuwa na vita dhidi ya wahujumu uchumi, na watu wengi walikamatwa. Woga ulikuwa mkubwa hata wengine wakatupa bidhaa zao usiku, ili zisikutwe nyumbani mwao. Walikuwako walanguzi wa kweli, tena wakubwa. Lakini palikuwa na watu waliotetemeka kwa ajili ya mche wa sabuni tu, nao hawakuwa wamemdhulumu mtu. Mimi naona tofauti ni nyepesi kuielewa. Mlanguzi hununua wakati kitu kimekwisha kuadimika, akakificha ili kizidi kuadimika. Mwenye akiba hununua wakati wa mavuno, mkulima anapotafuta mnunuzi na hampati, na anakila mwenyewe. Huyo wa pili amemsaidia mkulima mara moja kwa kumnunulia, na mara ya pili mwezi wa Februari kwa kutosimama naye katika foleni ya debe moja.

Sasa nitaje aibu yetu, nayo ni yangu pia. Makarani wangapi kati yetu wana kadi zao za benki mifukoni mwao leo? Sitaki majibu kwa mikono, tutaoneana haya. Sheria yasema makato yasimwachie mtumishi chini ya theluthi ya mshahara wake, lakini mkopo ule ambao watu wameuita kausha damu hauonekani katika hati ya mshahara. Mwenye fedha huchukua kadi yako na namba yake ya siri, na mwisho wa mwezi yeye ndiye anayekwenda kupokea. Mimi nilikopa shilingi 300,000 kwa mahitaji ya mtoto shuleni. Katika hesabu za riba tulizofundishwa misheni riba ilikuwa asilimia 5 kwa mwaka, na mkopaji alikuwa sikuzote mtu wa kubuni asiye na watoto. Bwana wangu huyu alitaka asilimia 30 kwa mwezi. Nililipa shilingi 90,000 kila mwezi kwa miezi 7, yaani shilingi 630,000, na zile 300,000 za kwanza zilikuwa hazijaguswa. Mimi, ninayeaminiwa daftari za watu!

Aliyenitoa ni mke wangu. Yumo katika kikundi cha hisa cha wanawake ambao wengi wao hawakupita darasa la saba. Hukutana kila juma chini ya mwembe, sanduku lina kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu. Mtindo huu ulianzia kwa wanawake wa vijijini nchini Niger mwaka 1991, ukafika kwetu baadaye, na jinsi niuonavyo umewaandaa watu kwa siku mbaya kuliko semina zote nilizohudhuria nikapewa maji ya chupa. Alikopa kwangu, nikairudisha kadi, nikamlipa kwa miezi mitano kwa riba ndogo ambayo mwisho wa mwaka waligawana wenyewe. Nawaambieni, katika nyumba yetu mtu aliyekuwa tayari kwa dhiki hakuwa yule mwenye cheti.

Basi, ombi langu ni hili. Chama kisinunue sare mwaka huu. Tukiwa watu 40, na sare moja ikiwa shilingi 20,000, ni shilingi 800,000. Kama gunia la kilo 100 litapatikana kwa shilingi 50,000 wakati wa mavuno, na mfuko usiopitisha hewa, ambao wengi huuita kinga njaa, kwa shilingi 5,000, tutapata magunia 14 na kubakiwa na shilingi 30,000 za upakizi. Mifuko hiyo nailazimisha. Dumuzi, yule mdudu anayeyageuza mahindi kuwa vumbi, alionekana kwanza Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, akiwa mgeni kutoka nchi za Amerika, yaani alitufikia katika ile ile dhiki niliyoieleza, watu walipokuwa hawana hata punje ya kumgawia. Mfuko ukifungwa vema mdudu hukosa hewa akafa, wala hapana haja ya dawa. Ila mahindi yawe yamekauka kabisa, tena panya wasiufikie.

Kuanzia Desemba hata Machi mwanachama atanunua kwa chama kwa bei tuliyonunulia na nyongeza kidogo, wala si kwa bei ya soko. Nimepiga hesabu ya nyumba yangu: watu 6, kilo 2 na nusu za unga kwa siku, ni kilo 75 kwa mwezi, na kwa miezi minne ni kilo 300. Magunia 14 hayatoshi watu 40, nalijua hilo. Yatatosha wale watakaokuwa na shida kuliko wengine mwaka wa kwanza, na nyongeza ile itanunua zaidi mwaka wa pili.

Nimeulizwa na mwenzangu mmoja, mtu mwangalifu: je, bei ikianguka? Ni kweli, mwaka 1931 au mwaka wowote, bei haina rafiki. Mwaka 2017 Serikali ilizuia kuuza mahindi nje ya nchi, na wakulima wa mikoa yetu hii waliyaangalia magunia yao kama mtu anayeangalia mgonjwa. Aliyeweka mali yake yote katika mahindi ili auze alipata hasara. Lakini sisi hatununui ili tuuze Tunduma. Mahindi yakiwa rahisi mwezi wa Januari, tutakula mahindi yetu tuliyonunua ghali kidogo, na hasara yetu itakuwa shilingi elfu chache na matumbo yaliyojaa. Wakati bei ya mbolea na mafuta ya magari ilipopanda mwaka 2022, hapana aliyetuletea habari mapema, na nauli ya kwenda Mpanda ilipanda kabla ya redio kueleza sababu.

Jambo moja limebaki ambalo sijapata jibu lake zuri, nalo ni ufunguo wa ghala. Chama chetu kina mwenyekiti, katibu na mtunza hazina, wote waungwana, lakini mahindi yamewahi kuwashinda waungwana. Nashauri tuige wale akina mama: kufuli tatu, na ufunguo mmoja ukae kwa mwanachama asiye na cheo. Mtunza hazina naye alete daftari mkutanoni, lisomwe kwa sauti.

Turubai la kuanikia ninalo. Mizani nimekwisha kuahidiwa. Mkutano ukilikataa ombi hili, sare nitaivaa na kuandamana pamoja nanyi kama kawaida, lakini magunia yangu matatu nitayanunua mwezi wa Juni.

Ni mimi ndugu yenu,
Karani, Sibwesa.