Kumwaga oil si sevisi yote

Mwulize mwenye gari yeyote wa Dar es Salaam kama gari lake hufanyiwa sevisi, atajibu bila kusita: oil humwagwa kila kilometa 3,000. Jibu huishia hapo. Mafuta ya breki hayatajwi, ya gia boksi hayatajwi, maji ya rejeta na umri wa matairi ndiyo kabisa. Ilimradi oil nyeusi imetoka na mpya imeingia, mwenye gari huondoka gereji akiwa na amani ya moyo. Jumamosi gari litaoshwa, litang'arishwa, na pesa ikibaki litanunuliwa makava ya viti na redio yenye skrini kubwa. Boneti itafunguliwa tena siku moshi utakapofuka.

Magari mengi yanayotembea Tanzania, Kenya na Uganda yalianza kazi Japani, ambako hayakuwa na nafasi ya kusahauliwa. Sheria ya huko hulitaka gari dogo likaguliwe miaka 3 baada ya kununuliwa jipya, kisha kila baada ya miaka 2. Ukaguzi huo, uitwao shaken, una gharama, na gharama hizo ni sababu mojawapo ya Mjapani kuliuza gari ambalo bado lina nguvu. Gari linapanda meli, linashushwa Dar es Salaam au Mombasa, lakini utaratibu uliokuwa ukilichunga unabaki ng'ambo. Kuanzia hapo mkaguzi ni mwenye gari mwenyewe, ajue asijue.

Serikali za ukanda huu zimeshughulika zaidi na umri. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, Uganda imeweka ukomo wa miaka 15, na Tanzania huyatoza ushuru wa ziada magari makuukuu. Umri ni rahisi kuuhesabu. Hata hivyo gari la miaka 6 lenye maji ya kisima kwenye rejeta linaweza kumfilisi mtu haraka kuliko la miaka 15 lililotunzwa, na ushuru wa forodha hauoni tofauti hiyo.

Rejeta ndipo uharibifu mwingi unapoanzia. Toyota nyingi za miaka ya karibuni hutoka kiwandani na kulanti ya rangi ya waridi inayoweza kukaa hadi kilometa 160,000 kabla ya kubadilishwa mara ya kwanza. Kazi yake si kupoza tu. Huzuia kutu, hulinda pampu ya maji, na hupandisha kiwango cha joto ambacho maji huanza kuchemka. Kisha siku moja bomba linavuja kidogo, na mtu wa karibu anamimina maji ya bomba, au mabaya zaidi, ya kisima chenye chumvi, na visima vya namna hiyo Dar es Salaam si vichache. Chumvi hugandamana ndani ya vinjia vyembamba vya rejeta, kutu huanza, pampu hulika. Miezi inapita bila dalili. Halafu gari linachemsha kwenye foleni ya Ubungo, silinda hedi ya aluminiamu inapinda, gasketi inaungua, na bili inakuwa sawa na mshahara wa miezi kadhaa.

Hapo ndipo linapokuja pendekezo maarufu la gereji za chini ya mwembe: themostati itolewe, kwa sababu "huku kwetu ni joto, haina kazi". Ushauri huo umeenea kutoka Gerezani ya Dar es Salaam hadi Grogan ya Nairobi, na ni mbaya. Themostati ni mlango unaobaki umefungwa mpaka maji ya injini yafike karibu nyuzi 80, kisha ukafunguka. Ukiondolewa, injini huchelewa kufikia joto lake la kazi. Kompyuta ya gari hudhani injini bado ya baridi na kuendelea kuongeza petroli. Mwenye gari huanza kulalamika kuwa gari "linakunywa", hubadilishiwa plagi, husafishiwa nozeli, na chanzo hakiguswi. Aliyeshauriwa kuitoa angeuliza swali moja tu: kama haina kazi, ilikuwaje kiwanda kiiweke hata kwenye magari yanayouzwa nchi za jangwa? Wakati mwingine kilichokuwa kibovu ni kifuniko cha rejeta kilicholegea, kitu cha bei ndogo kabisa dukani.

Na kuna jambo lililowaponza wengi wenye magari madogo. Passo na Vitz za karibuni hazina mshale wa joto kwenye dashibodi. Zina taa tu: ya buluu injini ikiwa baridi, nyekundu ikiwa imezidi joto. Anayesubiri mshale upande atasubiri sana. Taa hiyo nyekundu ikiwaka, kama ile yenye alama ya kopo la oil, gari lisimamishwe pembeni na injini izimwe pale pale, si baada ya kufika nyumbani. Kifuniko cha rejeta nacho kisiguswe mpaka injini ipoe.

Gia boksi ina hadithi yake. Magari mengi madogo ya Kijapani hutumia gia boksi ya CVT, ambayo haina gia za kawaida bali mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili. Mkanda huo hutegemea mafuta maalumu ili ushike bila kuteleza. Ukimiminiwa mafuta ya gia boksi ya otomatiki ya kawaida kwa sababu "yote ni hydraulic", gari litaondoka gereji likitembea vizuri, na ndiyo maana kosa hilo huendelea kurudiwa. Baadaye huja mtetemo, kisha mvumo, kisha gari hugoma kuvuta mlimani. Nissan zina aina zake za mafuta, Toyota zina zake, na hata ndani ya Toyota yapo ya CVT na yapo ya otomatiki. Mwenye gari hahitaji kuyajua yote. Anahitaji kujua la kwake, aliandike kwenye simu, na kukataa chupa nyingine yoyote hata kama fundi ameapa.

Mafuta ya breki ndiyo yaliyosahauliwa kuliko yote, ingawa ndiyo yanayoua. Yana tabia ya kufyonza unyevu wa hewa, na pwani unyevu si wa kutafuta. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwa nyuzi zisizopungua 205. Yakishafyonza maji, kiwango kinachokubalika hushuka hadi 140. Katika foleni ya mjini tofauti hiyo haionekani. Inaonekana kwenye mteremko wa Kitonga, Iringa, au ule wa Mai Mahiu nchini Kenya, pale dereva anaposhuka amekanyaga breki mfululizo, mafuta yanachemka, mapovu ya mvuke yanajaa kwenye mabomba, na pedali inazama mpaka chini bila gari kupunguza mwendo. Kuyabadilisha kila baada ya miaka 2 ni kazi ya chini ya saa moja. Kushuka kwa gia ndogo hakugharimu kitu, na hata gari la otomatiki lina nafasi ya L, S au 2 kwa kazi hiyo, nafasi ambazo madereva wengi hawajawahi kuzigusa.

Matairi yanaficha umri wao mahali pa wazi. Ubavuni mwa tairi, mwishoni mwa mfululizo unaoanza na herufi DOT, kuna tarakimu nne. Ikisomeka 1518, tairi lilitengenezwa wiki ya 15 ya mwaka 2018. Watengenezaji wengi hushauri tairi lisitumike baada ya miaka 10 hata kama kashata zake bado ni ndefu, kwa kuwa mpira huzeeka wenyewe. Gari lililotoka Japani linaweza kuwa na matairi ya tangu lilipokuwa huko, tena pengine ya theluji. Yakiwa na neno STUDLESS ubavuni, yametengenezwa kwa mpira laini unaoshika barafu. Kwenye lami ya Morogoro saa saba mchana mpira huo huisha upesi na hauongozi gari vizuri, na muuzaji wa yadi aliyeyasifia kuwa "bado mapya" huenda hajui alichokuwa akisifia.

Upepo nao umejaa imani. Wapo wanaoupunguza kabla ya safari ndefu ili tairi "lisipasuke kwa joto". Ukweli ni kinyume: tairi lenye upepo mdogo hujikunja zaidi kila linapozunguka, hupata moto, na hupasuka. Kipimo sahihi kimebandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Stika za Kijapani huandika kPa, na wajaza upepo hupima kwa PSI, hivyo anayeona 230 anahitaji kujua tu kuwa ni takriban 33. Upimwe asubuhi kabla gari halijatembea, maana likishatembea upepo hupanda na kipimo hudanganya.

Na oil yenyewe, hiyo inayopewa heshima yote? Hata hapo kuna kasoro. Injini nyingi ndogo za Toyota za sasa zimetengenezwa kwa oil nyepesi ya 0W-20 au 5W-30, ilhali dukani inayokimbiliwa ni nzito, kwa hoja kwamba injini imechoka. Muda wa kubadilisha hutegemea matumizi: foleni, vumbi na safari fupi fupi huchosha oil kabla kilometa hazijasogea. Kijiti cha kupimia kipo palepale, na kukichomoa mara moja kwa wiki hakuhitaji fundi.

Wenye Aqua na Prius wana moja la ziada. Betri ya haibridi hupozwa na feni inayovuta hewa kupitia tundu lililo kwenye kiti cha nyuma. Ukilifunika kwa mizigo au ukaliacha lizibwe na vumbi, betri hupata moto na kufa mapema. Makava mapya ya viti yamefunika matundu mengi.

Lawama zote asitupiwe fundi. Fundi hufanya kazi kwa bajeti aliyopewa, na mteja anayebishana juu ya bei ya kulanti ndiye aliyelipa bila kubisha rimu zinazong'aa. Ila fundi naye hana pa kusoma, kwa sababu kitabu cha gari kimeandikwa Kijapani na muuzaji hakuona haja ya kukitafsiri.

Hilo linarekebishika. Yadi inayouza gari kwa mamilioni ya shilingi haiwezi kushindwa kumkabidhi mnunuzi karatasi moja ya Kiswahili yenye aina ya oil, mafuta ya gia boksi, kulanti na mafuta ya breki, kipimo cha upepo, mwaka wa kila tairi, na kama injini ni ya cheni au ya mkanda wa taimingi unaopaswa kubadilishwa. Shirika la Viwango Tanzania na mwenzake wa Kenya wanaweza kuifanya iwe sharti la biashara. Hadi hapo, mnunuzi aidai kabla hajalipa, na asiyepewa atafute yadi nyingine.