Kabla ya Kusema "Wananchi Hawasikii"

Liko neno moja ambalo limezoeleka mno katika mikutano na ofisi zetu, nalo ni "hawasikii". Mvuvi akitweka tanga siku iliyotangazwa upepo mkali, husemwa kuwa hasikii. Mama akichota maji ya kisima kilichopigwa marufuku, hasikii. Kijana akipakia watu kupita kiasi cha chombo chake, hasikii. Na neno hilo likishatamkwa, mazungumzo hufungwa hapo hapo, kwani lawama imekwishapata mwenyewe.

Katika hili lugha yetu imewasaidia wenye kulaumu. Kusikia kwa Kiswahili ni kazi ya sikio, lakini pia ni kutii. Mtoto mwenye masikio mazima huambiwa hasikii kwa kuwa hakufanya alilotumwa. Methali zetu nazo huufuata mkondo huo. Sikio la kufa halisikii dawa; asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hatuzikanushi methali hizi, maana zimewaokoa wengi. Lakini zote mbili zamwelekea anayeambiwa, na wala hazimgusi aliyesema. Gazeti hili linapenda kuuliza swali ambalo methali hizo hazikuliuliza: je, dawa yenyewe ilitajwa kwa jina ambalo mgonjwa analijua?

Wakaazi wa visiwa tuna sababu kubwa kuliko wengine ya kuuliza hivyo. Maisha yetu ni bahari, na baharini neno lililokosewa halina nafasi ya kusahihishwa. Unguja na Pemba hazijasahau usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilipozama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, wala tarehe 18 Julai 2012, meli ya Skagit ilipozama karibu na Chumbe ikitokea Dar es Salaam katika upepo mkali. Hatusemi kwamba maneno ndiyo yaliyozizamisha meli hizo. Lakini yafaa ikumbukwe kuwa, kabla ya Spice Islander kuondoka, wapo watu walioiona imezidiwa na mzigo wakakataa kuipanda. Onyo lilikuwepo, nalo lilitoka kwa abiria wa kawaida. Kwa hiyo tunapozungumzia usikivu hatuzungumzii wavuvi na akina mama peke yao. Tunazungumzia pia masikio ya wenye madaraka.

Tukilichunguza neno "hawasikii" tutaona kwamba limefunika mambo manne yasiyofanana hata kidogo. Mtu huenda hakufikiwa na sauti. Huenda alifikiwa, asifahamu. Huenda alifahamu, asiamini. Au huenda aliamini, lakini hakuwa na njia ya kutenda. Kila moja ya hali hizi ina dawa yake, na anayezichanganya zote katika neno moja ni kama tabibu anayempa kila mgonjwa kidonge kimoja.

Tuanze na wasiofikiwa. Sauti ya Unguja ilipoanza kurusha matangazo mwaka 1951, rediyo zilikuwa chache na masikio yalikuwa mengi. Watu walikaa barazani, wakasikiliza pamoja, na khabari ilipokwisha ilijadiliwa papo hapo. Aliyekosea alisahihishwa na jirani, na aliyekosa neno aliuliza maana. Leo kila mtu ana simu yake na waya wake sikioni. Ujumbe wa sauti hufika, ukasikilizwa nusu, ukapelekwa kwa wengine kabla haujamalizika. Khabari zimekuwa nyingi kuliko wakati wowote uliopita, lakini baraza iliyokuwa ikizichuja imepungua. Anayedhani kuwa tangazo limefika kwa sababu limetumwa katika simu elfu moja hajahesabu ni wangapi waliolisikiliza mpaka mwisho.

Kuna pia suala la wakati. Katika vijiji vya mashariki ya Unguja, kama Paje na Jambiani, akina mama wengi hulima mwani, na asubuhi ya bamvua, maji yanapokupwa sana, wao huwa mashambani mwao baharini. Mkutano unaoitishwa asubuhi hiyo ni mkutano usio na wanawake, hata kama daftari la mahudhurio litajaa majina. Afisa mwenye kujua kuhesabu mwezi asingeuitisha siku hiyo, na sheha mwenye kuujua mji wake angemwambia mapema.

Jambo la pili ni kufahamu, na hapa ndipo penye kosa kubwa zaidi kwa maoni yetu. Kiunguja cha mjini ndicho kilichochaguliwa katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Fahari hiyo imetufanya tuamini kwamba mtu wa visiwani hana haja ya kufafanuliwa Kiswahili. Lakini Kiswahili cha ofisi kimekwishakuwa kitu kingine. Tuchukue taarifa za hali ya hewa, ambazo kwa hakika ni za manufaa makubwa na hutolewa kwa ujuzi. Humo msikilizaji huelezwa juu ya "angalizo", "tahadhari" na "tahadhari kubwa", na kila neno lina daraja yake na rangi yake. Katika mazungumzo ya kila siku angalizo na tahadhari ni ndugu mapacha. Nani amewaambia wavuvi kwamba huku moja ni kubwa kuliko jingine?

Huelezwa pia kwamba uwezekano wa kutokea ni "wastani" na athari ni "wastani". Kwa mtaalamu, neno hilo lina kipimo. Kwa mtu wa kawaida, wastani ni hali ya kuridhisha: si nzuri sana wala si mbaya. Biashara ya wastani ni ile inayompatia mtu chakula, na afya ya wastani ni ile inayomwezesha kutembea. Hivyo neno lililowekwa ili kumtanabahisha mvuvi linaweza likamtuliza. Vivyo hivyo, upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2 ni hesabu sahihi, lakini ngarawani hakuna chombo cha kupimia mwendo wa upepo. Mvuvi anaujua upepo unaomlazimisha kushusha tanga, na wimbi linalopita kimo cha mtu aliyesimama. Anaijua kaskazi na kusi, anaujua umande na matlai, na maji mafu anayatofautisha na bamvua. Hayo ndiyo maneno ambayo kwayo baba yake alimfundisha lini aende na lini akae.

Wapo watakaosema kwamba maneno ya kienyeji hayana uhakika wa tarakimu. Ni kweli, na hatuombi tarakimu zifutwe. Nahodha wa boti kubwa anazihitaji, na mwenye kuandika kumbukumbu za miaka anazihitaji zaidi. Tunaomba ziwekwe bega kwa bega na maneno ya pwani. Kusema "mawimbi yatafikia mita 2, yaani yatapita kimo cha mtu, na ngarawa zisitoke" hakupunguzi elimu hata kidogo. Baraza la Kiswahili la Zanzibar limekwishatoa Kamusi la Kiswahili Fasaha mwaka 2010, na limezishughulikia pia lahaja za Kipemba, Kitumbatu na Kimakunduchi. Kazi hiyo isiishie kabatini. Ofisi inayotaka kuzungumza na watu wa Tumbatu au Micheweni inao wataalamu wa kuwauliza.

Mfano mmoja watosha kuonyesha kwamba si jambo la mapambo. Kwa mazoea yetu, siku huanza jua linapotua. Mzee akisema usiku wa Ijumaa, anakusudia usiku unaoingia Alkhamisi magharibi. Ofisi, yenye kufuata saa za ukutani, ikisema usiku wa Ijumaa inakusudia usiku unaofuata baada yake. Mvuvi anayevua kizani, akilisikia tangazo la dhoruba ya usiku wa Ijumaa, anaweza akalala nyumbani usiku ulio salama na akaenda baharini usiku wenye hatari, na bado akawa mtu msikivu kuliko wote kijijini. Wenye hekima waliliona hili zamani, na ndiyo maana tunayo maneno "usiku wa kuamkia". Maneno hayo na yatumike katika kila tangazo, pamoja na tarehe yake.

Jambo la tatu ni kuamini. Mwezi wa Aprili 2021 kilitangazwa kimbunga Jobo, nacho kikadhoofika kabla ya kufika pwani. Ni rahisi mtu kusema baada ya hapo kwamba alitishwa bure. Lakini kimbunga kudhoofika si uongo wa aliyeonya. Kosa huja pale sauti iliyotangaza hatari inaponyamaza hatari ikipita, bila ya kurudi kueleza kilichotokea na kwa nini. Anayeonya hana budi arudi kwa watu wake. Kwa upande mwingine, nasi wananchi tuache kujifariji kwamba vimbunga havifiki kwetu. Mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikaivunja na kung'oa mikarafuu yake kwa wingi, na Pemba iliyosalimika ikawa tangu hapo ndiyo shamba kuu la karafuu. Mwezi wa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, si mbali na sisi.

Na Hidaya kilitupa funzo jingine. Siku zile boti za abiria kati ya Unguja na Dar es Salaam zilisimamishwa, na tangazo hilo halikuhitaji kufasiriwa: boti haziondoki. Lilikuwa na kitendo ndani yake. Lakini boti kubwa ina bandari, ina lango, na ina wa kuizuia. Ngarawa hutoka katika diko lisilo lango wala askari. Kwa mwenye ngarawa, hakuna kizuizi kingine isipokuwa neno alilolisikia na akalifahamu. Ndiyo maana neno hilo lastahili kutengenezwa kwa uangalifu kuliko lile la bandarini.

Jambo la nne ni uwezo, nalo halitibiwi na lugha. Mvuvi mwenye deni la wavu na watoto wasio na chakula cha jioni huenda alisikia, alifahamu na aliamini, kisha akaenda. Huyu akiitwa asiyesikia, amedhulumiwa mara mbili. Hapa vipaza sauti havitoshi. Panatakiwa mipango ya kumvusha katika siku za bahari kuchafuka, iwe kwa vyama vya akiba, iwe kwa kazi ya nchi kavu. Serikali itakayomsikiliza mvuvi huyu itajua kwamba tatizo lake si sikio.

Hata hivyo hatutaki kuwaachia wananchi wenzetu njia ya kukwepa. Tunayo tabia nzuri ya heshima ambayo tumeitumia vibaya. Mtu akiitwa huitika "naam", naye mama huitika "labeka". Kuitika huko maana yake ni "nipo, nakusikiliza"; si ushahidi kwamba jambo limeeleweka. Lakini mkutanoni, afisa akiuliza "Mmefahamu?", sote hujibu kwa sauti moja "Tumefahamu!", kisha tukatoka nje na kuulizana alikuwa akisema nini. Tunaona ni utovu wa adabu kumuuliza mkubwa, au tunachelea kuonekana wajinga mbele ya wenzetu. Kuuliza si ujinga, na heshima inayoficha kutofahamu haimheshimu anayesema, inamdanganya. Vilevile twajibu "Inshallah" kwa jambo ambalo tumekwishakata shauri kutolifanya, naye mgeni wa ofisi akaandika katika ripoti yake kuwa wananchi wamekubali. Neno tukufu namna hiyo halifai kuwa pazia.

Basi dawa ni nini? Kwanza, swali "Mmefahamu?" liachwe. Badala yake aulizwe mtu mmoja mmoja: "Hebu tueleze, kesho utafanya nini?" Jibu litaonyesha mara moja kama ujumbe umefika. Pili, kila tangazo la hatari litaje kitendo, litaje siku kwa njia isiyo na shaka, na litumie maneno ya pwani pamoja na tarakimu. Tatu, masheha na mabwana diko wasiwe mabomba ya kuteremshia amri tu. Wapewe nafasi ya kupandisha maswali na maonyo ya watu, na wapate majibu yake. Nne, hatari ikipita, watu warudiwe na kuelezwa.

Hakuna katika haya linalohitaji fedha nyingi. Linalohitajika ni afisa kukubali kwamba kazi yake haimaliziki anapofunga kinywa, na mwananchi kukubali kwamba yake haimaliziki anapotega sikio. Tunawanasihi wahusika wajaribu katika tahadhari ijayo: waende katika diko moja, wawaulize wavuvi watatu tu tangazo limesema nini. Majibu yakipatana, basi atakayetoka baharini siku hiyo twaweza kumwita asiyesikia. Yakitofautiana, neno hilo lirudi kwa aliyetangaza.