Vichekesho vya Marhumu Mzee Majuto: tuvifanye nini majumbani mwetu?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Amri Athumani, ambaye sote tulimjua kwa jina la Mzee Majuto au King Majuto, alifariki tarehe 8 Agosti 2018 katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, akiwa na umri wa miaka 70. Akazikwa kwao Tanga. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Alikuwa Muislamu, na aliigiza tangu utotoni, kwanza jukwaani, kisha kwenye video zilipoanza kuenea. Hapa Bujumbura filamu zake ziliingia kwa CD, zikauzwa soko kuu kabla halijaungua Januari 2013, zikauzwa Buyenzi, zikapandishwa mpaka huku kwetu. Siku hizi CD hazina kazi tena, lakini mzee hajaondoka. Vipande vyake vya dakika mbili tatu vinazunguka kwenye simu za watoto wetu usiku na mchana.

Kila Idi inapokaribia na watu wakaanza kuulizana watoto wakikusanyika waonyeshwe nini, jina lake hutajwa, na hapo ndipo mazungumzo hugawanyika. Nimeyasikiliza mabishano haya mara nyingi, na naona kila upande unashika jambo la kweli na kuliacha jingine. Ndiyo maana nimeomba nafasi hii niseme ninavyoona mimi.

Kwanza tuelewe kwamba hatutazami kitu kimoja, hata tukikaa kwenye mkeka mmoja. Zile familia zilizotoka Buyenzi na kupanda huku, ambazo Kiswahili ni lugha ya nyumbani, zinacheka maneno. Zinacheka jinsi mzee anavyojifanya hasikii akiombwa pesa, anavyougeuza mwaliko ukawa dai, na ile lafudhi ya Kitanga. Mwanafunzi wa Kampasi Mutanga aliyetoka Ngozi au Gitega, mwenye Kirundi nyumbani na Kifaransa darasani, nusu ya maneno hayo yanampita. Yeye anacheka macho, mwendo, na jinsi mzee mzima anavyotimua mbio mambo yakimharibikia. Ukimwambia kijana huyu kwamba vichekesho hivi vina mafunzo, atakushangaa. Ukimwambia vina ubaya, atakushangaa vilevile, maana yeye ameona mtu anakimbia tu.

Halafu kuna jambo ambalo sikio la Muislamu hulikamata na wengine hawalioni. Mzee wa kwenye filamu mara nyingi amevaa kofia. Anaapa kwa jina la Mwenyezi Mungu, na huku anadanganya. Anahimiza subira kwa mkewe na yeye mwenyewe hana hata chembe. Baba mmoja atakuambia: huku ni kuifanyia dini mzaha. Mwingine, tena mtu wa swala tano, atakuambia: hapana, anayechekwa hapa ni yule anayeivaa dini kama nguo, na watu wa namna hiyo tunao mitaani. Mimi niko karibu zaidi na huyu wa pili. Lakini nakubali kwamba mtoto wa miaka saba hawezi kuvitenganisha vitu hivi viwili. Yeye atajifunza kuapa tu.

Upande wenye msimamo mkali zaidi una hoja nzito, na si haki kuwadharau kama tunavyofanya baadhi yetu. Wanasema: Surat Yasin, aya ya 12, inatufundisha kwamba yanaandikwa yale watu waliyoyatanguliza na athari walizoziacha. Mtu aliyekufa ameacha picha zinazotembea, na kila zinapochezwa na kuleta ubaya anazidishiwa mzigo kaburini. Basi anayempenda marhumu azifute zote, na huo ndio wema wa kweli kwake. Wako pia wanaoona kuwa uigizaji wenyewe haufai tangu mwanzo, na katika hilo wanazuoni wamekhitalifiana. Wapo wanaoukataza kabisa, na wapo wanaouruhusu kwa masharti.

Ninaloliona limesahaulika katika hoja hiyo ni mkono unaobonyeza simu. Marhumu hasambazi kitu leo. Anayekituma kipande saa sita za usiku kwenye kundi la wanafunzi ni mtu mzima, ana akili zake na ana daftari lake mwenyewe linaloandikwa. Tukiwa na khofu ya kweli kuhusu athari, basi khofu hiyo ianze kwa mtumaji. Sisi tunapenda kumjadili aliyelala kaburini kwa sababu hawezi kutujibu.

Na kumhukumu marhumu tumekatazwa. Mtume (s.a.w.) alikataza kuwatukana maiti, kwa kuwa wameshayafikia yale waliyoyatanguliza. Kuna kisa kingine katika Sahih Bukhari, kilichopokewa kutoka kwa Umar bin al-Khattab (r.a.), ambacho nasikitika hakisomwi sana katika darsa zetu. Palikuwa na mtu jina lake Abdullah, watu wakimwita kwa utani Himar, yaani Punda. Huyu alikuwa akimchekesha Mtume (s.a.w.). Na huyohuyo alikuwa akinywa pombe, akaadhibiwa kwa hilo, akaletwa tena akaadhibiwa. Mtu mmoja aliyekuwapo akamlaani kwa wingi wa mara anazoletwa. Mtume akamkataza asimlaani, akaeleza kuwa mtu huyo anampenda Allah na Mtume wake.

Tazameni jinsi mambo yalivyopangwa katika kisa hiki. Pombe haikuhalalishwa kwa sababu mnywaji ni mcheshi. Adhabu ilipita. Lakini mlango wa kumlaani ukafungwa. Sisi tunafanya kinyume: wale wanaompenda Majuto wanataka kila alichokifanya kiwe sawa kwa sababu alitufurahisha na ni ndugu yetu Muislamu, na wale wasiompenda wanalitaka jina lake lenyewe litiwe doa.

Sasa niseme lile ambalo wapenzi wake hawataki kulisikia. Baadhi ya vichekesho vile vinamfanya msichana kuwa chambo. Mzee anamkodolea macho binti wa umri wa mjukuu wake, kamera inamzunguka binti kutoka chini hadi juu, na kicheko chote kimejengwa juu ya tamaa ya mzee. Watetezi husema: lakini mzee mwishowe anaumbuka! Ni kweli, mara nyingi anaumbuka. Tatizo ni kwamba dakika kumi ni za kumtazama binti na dakika moja ni ya kuumbuka. Kwenye simu, ile dakika moja haipo kabisa. Kimekatwa kipande cha macho na cha kauli, funzo limebaki kwenye filamu ambayo hakuna anayeitafuta.

Waulizeni mabinti zetu wanaopita njia ya kampasi wakiwa na hijabu zao. Wapo vijana wanaosimama kando ya barabara na kuwarushia kauli za namna hiyo kwa sauti ya mzee, wenzao wakaangua kicheko. Binti akikasirika anaambiwa hajui utani. Kijana aliyesema si mzee wa filamu na hakuna atakayemwumbua mwisho wa mchezo. Surat Al-Hujurat, aya ya 11, imewakataza watu kudharauliana, na baada ya kuwataja watu kwa jumla ikawataja wanawake peke yao. Kwa hiyo akina mama wanaoinuka na kuzima televisheni kipande cha namna hiyo kinapoanza hawana ushamba wowote. Wanajua kinakoishia, kwa kuwa wao na binti zao ndio wanaopita barabarani.

Lakini je, tuzime vyote? Hapa ndipo ninapoachana na ndugu zangu wanaotaka kufuta. Bahili anayeficha nyama mgeni akibisha hodi, mwongo anayesahau uongo wake wa asubuhi, baba anayemdai kijana mahari kama anauza kiwanja: kuwacheka watu hawa ni kuzicheka tabia ambazo dini imezikemea. Wanazuoni waliotutangulia hawakuiona kazi hiyo kuwa aibu. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki katika karne ya 9, aliandika kitabu kizima juu ya mabahili. Ibn al-Jawzi wa Baghdad, Mhanbali, mwaidhi aliyeliza watu msikitini, aliyefariki mwaka 1201, alikusanya kitabu cha visa vya wapumbavu. Na Mtume (s.a.w.) mwenyewe alitania. Mtu mmoja alimwomba mnyama wa kupanda, akamwambia atampandisha juu ya mtoto wa ngamia, yule mtu akashangaa atamfanyia nini mtoto wa ngamia, mpaka akafahamishwa kwamba kila ngamia ni mtoto wa ngamia. Lilikuwa neno la kweli, na aliyetaniwa hakuondoka na fedheha.

Tena watazamaji wana nguvu kuliko wanavyodhani. Nani kati yenu hakusimuliwa na bibi yake visa vya Abunuwasi? Yule mjanja anayedaiwa malipo kwa harufu ya chakula cha tajiri, na tajiri akalipwa kwa mlio wa sarafu? Mtu wa jina hilo alikuwapo kweli. Abu Nuwas alikuwa mshairi wa Baghdad wa karne ya 8 na mwanzo wa karne ya 9, na mashairi yake yaliyovuma sana ni ya mvinyo. Bibi zetu wa Buyenzi, wa Ujiji na wa Tanga hawakuchukua mvinyo. Walichukua werevu wa mnyonge mbele ya tajiri, wakaongeza na visa ambavyo yeye hakuvijua kabisa, wakatulea navyo. Hakuna aliyeitisha mkutano kuamua Abunuwasi afutwe au atetewe. Walichagua jikoni, usiku kwa usiku, cha kumpa mtoto na cha kumnyima. Naamini hata Majuto atakayebaki baada ya miaka 50 atakuwa yule ambaye akina mama wa leo wameamua kumsimulia.

Kwa hiyo mzazi anayetaka kuwaonyesha watoto filamu yake siku ya Idi aitazame mwenyewe kwanza, mwanzo hadi mwisho. Asimwachie mtoto mkubwa wa jirani kuchagua. Akiona nusu yake haifai, aiache filamu nzima, ziko nyingine. Na baada ya kucheka, amuulize mtoto: yule mzee alikosea wapi? Nimeona watoto wa miaka tisa wakijibu swali hili vizuri kuliko wanafunzi wa kampasi. Wanafunzi nao, ambao hawana mama wa kuwazimia televisheni, waanze kwa kuacha kutuma vile vipande vilivyokatwa.

Limebaki jambo moja ambalo katika mabishano yetu yote halitajwi, nalo kwangu ni zito kuliko yote niliyoyasema. Mwaka 2018 mzee huyu alipougua, akapelekwa hadi India kwa matibabu, watu walishangaa kusikia habari za michango. Walidhani ni tajiri, kwa kuwa walimwona kila mahali. Mwaka huohuo Harrison Mwakyembe, aliyekuwa waziri mwenye dhamana ya sanaa Tanzania wakati ule, alitangaza kamati ya kuipitia mikataba yake, kufuatia malalamiko kwamba kazi zake ziliwanufaisha wengine kuliko yeye. Hilo ni la huko. Na huku kwetu? Zile CD za sokoni zilikuwa nakala za nakala, karatasi ya jalada imefifia mpaka sura haionekani vizuri. Aliyezichoma alipata faranga zake, aliyeziuza alipata zake, mnunuzi akapata kicheko kwa bei rahisi. Aliyechekesha hakupata hata faranga moja ya Bujumbura.

Wapo wanaobishana kwa saa mbili kama marhumu ataulizwa kwa kuwachekesha watu, na hawajafikiria kama watu wataulizwa kwa jasho lake. Haki za Mwenyezi Mungu zina msamaha wake. Haki za waja, kama tunavyofundishwa tangu madrasa, husubiri mwenyewe asamehe au alipwe. Na mwenye haki akifariki, haki yake huhamia kwa warithi wake. Wanazuoni wamesema kwamba ambaye hana njia ya kuwafikia wenye haki, basi aitoe sadaka kwa niaba yao, akiomba thawabu ziwafikie. Bei ya CD moja ya wakati ule kila mtu anaikumbuka. Anayejua alinunua ngapi apige hesabu, atie kwenye bahasha, awape mayatima wa mtaa wetu kabla ya swala ya Idi, na amtaje Amri Athumani katika dua yake.

Wabillahi tawfiq.