Ndoo ya yungiyungi isijazwe samadi

Bwawa dogo la maua uani hupendeza, hasa Tabora wakati wa kiangazi, vumbi linapotawala. Lakini mzazi anayepanda yungiyungi kwenye ndoo na kuizamisha bwawani aangalie kwanza amejaza udongo gani.

Wengi huweka samadi, kama wafanyavyo kwenye mchicha. Samadi ikikaa majini huoza, humaliza hewa ya samaki na kuyageuza maji kijani. Samaki wakifa, bwawa huwa kitalu cha mbu: ndani ya wiki moja au mbili yai limeshakuwa mbu anayeruka. Kisii, Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa sato waliowekwa kwenye mabwawa yaliyotelekezwa walipunguza viluwiluwi vya mbu wa malaria kwa zaidi ya asilimia 94 ndani ya wiki 15. Tabora, mkoa usioishiwa malaria, samaki hao si mapambo.

Kichanga kinachopatikana kirahisi mjini hakishiki rutuba. Unaofaa ni mfinyanzi mweusi wa mbugani, ule wa majaruba ya mpunga. Usiuchote karibu na tumbaku iliyopigwa dawa, maana dawa za wadudu huua samaki. Ondoa majani na mizizi, shindilia, kisha tandaza kokoto juu samaki wasifukue. Loweka ndoo kabla ya kuishusha taratibu.

Na kama kuna mtoto anayetambaa nyumbani, uzio utangulie maua. Maji ya kina cha kiganja tu yanatosha kumzamisha.