RAFIKI ASIYEFANANA NAWE



Methali yasema kwamba ndege wa mbawa moja huruka pamoja. Hapa shuleni twaiona kila siku. Wasemaji hukaa na wasemaji, wapole na wapole, wacheza mpira na wacheza mpira. Hata chakula cha jioni kikiisha, kila kundi huenda upande wake. Si vibaya. Lakini nasema kwamba mtu asiye na rafiki ila wa namna yake amejinyima msaada mkubwa, na historia ya nchi yetu yanipa ushahidi.

Ushahidi wangu ni Mwalimu Julius Nyerere na Mzee Rashidi Kawawa. Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, upande wa Ziwa Nyanza. Kawawa alizaliwa mwaka 1926, upande wa Songea. Mmoja alikuwa Mkristo, mwingine Mwislamu. Wote wawili walisoma katika shule ya serikali ya Tabora, lakini kutoka hapo njia zao ziliachana. Nyerere alikwenda Makerere, kisha Edinburgh, akarudi mwaka 1952 akafundisha Pugu. Kawawa hakwenda Makerere. Alichagua kazi ya mshahara, ili ndugu zake wadogo wapate kusoma.

Tabia zao nazo zilikuwa mbali. Nyerere alikuwa mtu wa fikira. Alipenda kuhoji na kubishana, aliandika sana, na katikati ya kazi ya kutawala alipata nafasi ya kumtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili. Kawawa alikuwa mtu wa shughuli. Alikuwa karani, akaigiza katika sinema, kisha akawa Katibu Mkuu wa Shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa Tanganyika, lililoundwa mwaka 1955. Hasifiwi kwa vitabu. Asifiwa kwa kazi iliyokwisha. Watu walimwita Simba wa Vita.

Sasa tazameni jambo lililotokea. Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961. Hazikupita hata wiki saba, tarehe 22 Januari 1962, Nyerere akajiuzulu Uwaziri Mkuu ili azunguke nchini kukijenga chama cha TANU. Kiti alimwachia Kawawa. Ilipofika tarehe 9 Desemba mwaka huo, nchi ikawa Jamhuri, Nyerere akawa Rais, na Kawawa akawa Makamu wake. Mtu aliyeongoza serikali karibu mwaka mzima akarudi nafasi ya pili bila kugombana na mtu.

Jambo hilo si dogo. Ni wangapi kati yetu, tukikabidhiwa ufunguo wa stoo kwa juma moja, tunaurudisha kwa moyo mweupe? Na ni wangapi wawezao kuuacha ufunguo bila kuchungulia dirishani kila saa? Nyerere aliweza kuondoka kwa sababu alikuwa na rafiki asiyetamani kiti chake. Na kipaji cha Kawawa cha kutenda kilipata uwanja wa nchi nzima, kwa sababu alikuwa na rafiki asiyeogopa kumwamini. Kila mmoja alimwezesha mwenzake kuwa mtu ambaye peke yake asingekuwa.

Wako watakaosema, "Watu wa tabia mbali hugombana tu." Ni kweli, hutokea. Oscar Kambona naye alikuwa rafiki wa Nyerere tangu siku za mwanzo za TANU. Lakini walipokosa kukubaliana juu ya njia ya nchi, Kambona alijiuzulu mwaka 1967 akaenda Uingereza, wala hakurudi mpaka mwaka 1992. Basi tofauti ya tabia peke yake haijengi urafiki. Lazima pawe na shabaha moja. Jembe ni chuma na mpini ni mti; haviungani ila kwa kuwa vyote viwili vyaenda shambani.

Tena wako wasemao kwamba Kawawa alitii mno. Neno hilo tusilikwepe, hasa sisi wa Ugogo. Wazee wetu wanakumbuka miaka ya 1970, watu walipohamishwa kupelekwa katika vijiji, na wengine hawakuhama kwa hiari yao. Kawawa alikuwa Waziri Mkuu tangu 1972 hata 1977, na kazi ya serikali ilipita mikononi mwake. Mimi naona hapa pana fundisho kwa kila rafiki mtendaji: kumtii mwenzako ni wema, lakini kumwambia "Ndugu, hapa pole pole" ni wema mkubwa zaidi. Na rafiki mwenye fikira naye ajifunze kusikia neno hilo.

Sisi wa Bahi twaujua ubora wa vitu viwili visivyofanana. Mpunga wataka tope la bondeni. Uwele wavumilia kichanga na jua. Mwenye nyumba mwenye busara hauchagui mmoja akaudharau mwingine, maana hajui mwaka utakuja na mvua gani.

Basi nawaomba wanafunzi wenzangu: wewe mwepesi wa kujibu darasani, usimcheke yule anayefikiri pole pole, keti naye jioni mfanye hesabu pamoja. Na wewe mnyamavu, usimkimbie msemaji kwa kumwona ana majivuno. Nawaomba walimu, wanapogawa makundi ya masomo na ya kazi za shamba, wasituache tuchaguane wenyewe kila mara. Na wazazi wetu, mtoto akileta nyumbani rafiki wa kabila jingine, wa dini nyingine, au wa tabia isiyozoeleka, msimwulize kwanza, "Huyu ni wa kwa nani?" Mwulizeni wanafanya nini pamoja.

Nyerere alifariki tarehe 14 Oktoba 1999, na Kawawa tarehe 31 Desemba 2009. Urafiki wao haukuwafanya wafanane. Mmoja alibaki mtu wa fikira na mwingine mtu wa shughuli, na nchi ikawahitaji wote wawili.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne