Wanatuuzia Pambo, Wanaliita Taa

Simama Kibamba kando ya Barabara ya Morogoro saa kumi na moja alfajiri. Utawasikia kabla hujawaona: cheni inalia, mtu anahema, gunia linasugua keria. Ni wauza mkaa wanaingia mjini. Magunia yamepandishwa mpaka yakampita mwendeshaji kimo, yamekazwa kwa mipira ya tyubu, na nyuma yake hakuna kitu. Hakuna taa wala rifleta, na dereva wa lori anayetoka Chalinze anakuja kasi.

Halafu mtu aliyeketi ndani ya gari lenye kiyoyozi anasema, "Hawa watu wa baiskeli hawajali maisha yao." Kauli hiyo inanichefua. Muulize mmoja wa hao wauza mkaa taa yake iko wapi. Mara nyingi atakuambia alikuwa nayo, aliinunua kwa pesa yake halali, na mvua ya kwanza ya masika ikaimaliza. Huyo alijali, ila alipunjwa.

Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hula mita 22 kila sekunde. Mpe dereva sekunde moja na nusu ya kutambua kilicho mbele yake na kukanyaga breki: mita 33 zimekwisha, na gari bado halijaanza kupunguza mwendo. Taa za chini zenyewe, kwa gari ambalo taa zake hazijachoka, humwonyesha mtu aliyevaa nguo nyeusi kwa mita chache tu zaidi ya hapo. Ongeza lami iliyolowa na mzigo wa tani kadhaa, kisha niambie nani mzembe.

Wanaotuuzia taa hizi wanajua jambo moja ambalo mnunuzi halifikirii dukani. Taa ya mbele ikizimika, utajua papo hapo, maana njia imepotea. Taa ya nyuma huioni. Unapiga pedeli ukiamini inawaka, kumbe ilizimika tangu kwenye lile dimbwi la mwisho. Wa kwanza kujua ni yule atakayekugonga. Ndiyo maana taa ya nyuma haipaswi kuchaguliwa kwa mwanga wake mkali wala kwa mitindo yake saba ya kumetameta kama ukumbi wa disko. Swali la kwanza, la pili na la tatu ni moja: itaendelea kuwaka?

Fungua hizo zinazouzwa kwa wingi uone. Vipande viwili vya plastiki vimebanwa kwa ulimi mwembamba unaovunjika ukiufungua mara ya tatu. Pale vinapokutana palipaswa kuwa na pete ya mpira ya kuzuia maji, na hakuna. Ndani kuna springi za chuma zilizopakwa rangi ya fedha, na baada ya wiki ya mvua zimeota kutu na ukoga wa kijani. Za kuchaji ndizo zinaniudhi zaidi. Tundu la chaja limewekwa chini kabisa, limefunikwa kwa kijimpira laini kisichobana. Nani asiyejua kwamba gurudumu la nyuma hurusha maji na tope kutoka chini kwenda juu? Aliyeichora taa hiyo hajawahi kupanda baiskeli siku ya mvua, au amepanda na hajali.

Kwenye boksi wameandika kwa herufi kubwa kwamba haiingii maji. Maneno hayo hayana thamani. Tafuta namba inayoanza na IP. Tarakimu ya kwanza ni ya vumbi, na mwisho wake ni 6. Ukikuta X mahali pake, ujue hawakutaja kipimo cha vumbi, na wewe wa Dodoma au Shinyanga hapo simama kidogo. Ya pili ni ya maji. 4 maana yake inahimili maji ya kurushiwa kutoka kila upande. 6 inahimili maji ya mpira yenye nguvu. 7 imezamishwa mita moja kwa nusu saa ikatoka salama. Ila 7 haimaanishi lazima imepimwa kwa maji ya kupigwa kwa nguvu, kwa hiyo anayekuambia kubwa daima ni bora hajui anachouza. Kwa baiskeli yenye madigadi kamili, 4 naikubali kwa shingo upande. Isiyo na madigadi isishuke chini ya 6. Na wenzangu wa Tanga, Bagamoyo na Unguja, kumbukeni kwamba vipimo hivyo hufanywa kwa maji baridi, si ya chumvi. Hewa ya bahari hula springi hata kiangazi, kwa hiyo pakeni grisi kidogo pale betri inapogusana na chuma.

Sasa mahali pa kuifunga. Taa nyingi huja na mkanda wa mpira wa kufunga chini ya tandiko. Huko ni sawa kwa anayefanya mazoezi Jumapili asubuhi. Mtu anayebeba mkaa, maziwa au kreti za soda akiifunga hapo, gunia limeifunika, na jaketi lake la kuakisi nalo limefunikwa vilevile. Tunagawa majaketi, tunapiga picha, tunarudi ofisini, na mtu yuko palepale gizani. Taa ya mchukuzi ikae mwisho wa keria, ikazwe kwa boliti na nati, ili jua lisikate mkanda na kibaka asiichomoe kwa vidole viwili.

Wazee wetu walilijua hili. Baiskeli ya zamani yenye dinamo ilikuwa na globu ya nyuma ya wati 0.6, yaani si kitu, lakini ilikuwa imefungwa kwenye madigadi kwa chuma na haikutegemea duka la betri. Kasoro zake nazijua: ukisimama inazimika, na globu ya mbele ikiungua, umeme wote unakimbilia ya nyuma na kuiunguza nayo. Leo kasoro zote mbili zina dawa. Taa za LED hazisumbuki kama globu zile, na zipo za dinamo zinazohifadhi umeme kidogo zikaendelea kuwaka dakika kadhaa baada ya kusimama. Kuna baiskeli za mtumba za Japani zinazoshuka bandarini na dinamo ndani ya kitovu cha gurudumu la mbele. Mafundi wengine huitupa au kuiacha bila nyaya, eti inaongeza uzito. Uzito! Kwa mtu anayebeba magunia ya mkaa!

Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unataka baiskeli iwe na rifleta nyekundu nyuma na iweze kuonyesha taa nyekundu nyuma. Zaidi ya nusu karne imepita. Hakuna anayethubutu kuuza gari jipya lisilo na taa za nyuma akamwambia mteja atafute mwenyewe kwa machinga. Kwa nini baiskeli mpya itoke dukani ikiwa na kengele na kikapu, lakini nyuma kipofu? Nataka waagizaji walazimishwe: hakuna baiskeli inayouzwa bila taa ya nyuma iliyokazwa kwa boliti na iliyopimwa maji.

Watanijibu kwamba bei itapanda na maskini ataumia. Maskini anaumia sasa. Ndiye anayenunua taa mbovu kila masika na tena kila vuli, na gharama yake kwa mwaka inaizidi ile moja nzuri waliyomnyima.

Wakati tunaingoja sheria hiyo, wewe unayekwenda kununua usiwe mpole. Taa ikiwa imeandikwa 7, mwambie muuzaji alete ndoo ya maji. Iwashe, itumbukize, piga naye soga robo saa, kisha itoe uitikise karibu na sikio. Akikataa, rudisha pesa yako mfukoni uende duka la pili.