Kazi za Mikono: Ujira wa Kupogoa Miti Busia na Tororo

Askari anapokaribia kustaafu, shauri la kwanza linalozungumzwa nyumbani aghalabu huwa ni duka, la pili ni pikipiki ya kubeba abiria, na la tatu ni ng'ombe wa maziwa. Katika miji miwili ya Busia, ule wa Uganda na ule wa Kenya, na kadhalika katika mji wa Tororo, maduka na pikipiki vimekwisha kuwa vingi mno hata faida yake imekuwa ya kugombaniwa. Ipo hata hivyo kazi nyingine ambayo haijapata watu wa kutosha wenye kuijua, nayo ni kupogoa na kuondoa miti iliyo karibu na nyumba za watu. Wenye misumeno wapo. Wenye kujua mahali ambapo tawi hukatiwa ndio wachache, na biashara yenyewe imo katika tofauti ya hao wawili.

Haja ya kazi hiyo inatokana na hali ya nchi. Katika sehemu hizo mvua kubwa hunyesha tangu Machi hata Mei, nayo ya pili huja Agosti na kuendelea mpaka Novemba. Alasiri mawingu hujikusanya kutoka upande wa Ziwa Victoria, na kabla ya maji kumwagika hutangulia upepo wa ghafla ambao haubishi hodi. Nyumba nyingi zimeezekwa kwa bati, na kando ya kila nyumba pana mti: mwembe uliopandwa na babu, mfenesi, mgrevilea wa mpakani mwa shamba, mkaratusi uliokua haraka kuliko ilivyotarajiwa, au mvule mkubwa uliokuwapo kabla ya kijiji. Mwenye nyumba hupenda kivuli chake mwezi wa Januari, akauogopa mti huohuo mwezi wa Aprili.

Hofu hiyo ndiyo inayowafanya watu waombe jambo baya. Humwita kijana mwenye msumeno wa injini wakamwambia akate kichwa cha mti, yaani auondolee matawi yote ya juu abakize nguzo. Mti ukisha kukatwa hivyo, watu hulala usingizi mwanana kwa mwaka mmoja au miwili. Kwa bahati mbaya mti nao haulali. Kwa kuwa umenyang'anywa majani yanayoulisha, huchipuza kwa pupa machipukizi mengi membamba kuuzunguka mkato ule, nayo hurefuka upesi. Machipukizi hayo hayakuzaliwa ndani ya mti kama matawi ya asili. Yameshikilia sehemu ya nje tu. Wakati huohuo pale juu palipokatwa maji huingia, kuvu huota, na kuoza huteremka polepole ndani ya shina. Baada ya miaka michache, juu ya bati pana matawi mazito yaliyoshikwa na mbao iliyooza. Mti uliokuwa wa kuogopwa kwa dhana tu sasa ni wa kuogopwa kwa haki.

Na ichukuliwe mithili ya sajini mstaafu aliyeanza kazi hiyo mjini Tororo, naye ameitwa kwa mzee mmoja mwenye mwembe.

"Afande, ukate kichwa chote, nipate kulala," asema mzee.

"Mzee wangu, nikikikata leo nitapokea fedha yako leo," ajibu sajini, "na mwaka wa nne utaniita tena, huku mti ukiwa mbaya kuliko sasa. Niruhusu nitoe haya matawi mawili yanayoelekea nyumbani, na lile lililokauka. Mengine tuyaache, ndiyo yanayokupa embe."

Yamkini mzee atakasirika na kumwita mwingine. Hiyo ni hasara ya siku moja. Akikubali, atakuwa mteja wa miaka kumi.

Elimu ya jambo hili haikuanza jana. Mwaka 1901 John Davey, Mwingereza aliyehamia Marekani, alichapisha kitabu juu ya utabibu wa miti, na kutokana naye kazi ya kutibu miti ikawa kazi ya watu kuajiriwa. Mafundi wa zama hizo walikuwa na desturi ya kusafisha pango la mti na kulijaza saruji, kama daktari wa meno azibavyo jino. Katika mji kama Tororo, ambao umekuwa na kiwanda cha saruji tangu miaka ya 1950, ni rahisi mtu kuvutiwa na fikira hiyo. Asivutiwe. Mti huyumba kwa upepo na saruji haiyumbi. Kwa hiyo saruji husugua na kupasua kuta za pango, na unyevu hubaki nyuma yake. Isitoshe, fundi atakayekuja siku nyingine kuukata mti huo atauvunja mnyororo wa msumeno wake juu ya jiwe asilolitazamia.

Aliyeyaweka mambo haya wazi zaidi ni Alex Shigo, mtaalamu wa idara ya misitu ya Marekani, ambaye alipasua maelfu ya magogo kwa msumeno wa injini ili kuona ndani yake kuoza huendaje. Mwaka 1977 yalichapishwa maelezo yake kwamba mti haupony kidonda kama nyama ya mwanadamu iponavyo. Sehemu iliyojeruhiwa hairudi kuwa nzima. Mti huijengea kuta za kuizuia, kisha ukaota mbao mpya kwa nje. Kutokana na hayo mpogoaji hupata maagizo mawili. Kwanza, asipake rangi wala lami juu ya jeraha akidhani ni dawa, maana haizuii kuoza. Pili, autazame uvimbe mdogo ulio mahali tawi linapotokea shinani, kama ukosi wa shati kwenye shingo. Uvimbe huo ndio wenye kujenga ukuta. Anayekata tawi akauondoa na uvimbe wake, kusudi shina lionekane nyororo, ameivunja ngome. Anayeacha kipande kirefu cha tawi naye ameacha mlango wa kuoza. Mkato ulio sawa hupita nje tu ya uvimbe.

Tawi zito halikatwi kwa mkato mmoja, kwani kabla ya kwisha kukatika litaanguka kwa uzito wake na kuchuna gome la shina mpaka chini. Mpogoaji hukata kwanza kwa chini, kiasi cha futi moja kutoka shinani, asiingie zaidi ya robo ya unene. Halafu hukata kwa juu, mbele kidogo kuelekea nchani, nalo tawi hukatika bila kurarua kitu. Mwishowe hukata kile kipande kilichobaki, kando ya uvimbe. Mikato mitatu badala ya mmoja. Dakika chache zaidi, na mti hubaki na ngozi yake.

Haifai lakini kulifanya jambo hili kuwa sheria ya miti yote. Mgrevilea huvumilia sana kupunguzwa, na wakulima wa pande zote mbili za mpaka huukata matawi mara kwa mara wapate kuni na fito, nao huendelea kunyooka. Mkaratusi, ingawa huchipuka tena kwa nguvu kutoka kisikini, una tabia ya kudondosha matawi, na ulio mkubwa karibu na nyumba afadhali uondolewe wote kuliko kukatwa nusu. Mwembe hupogolewa baada ya kuvunwa, naye mpandaji avae mikono mirefu, kwani utomvu wake huwasha na kuchubua ngozi.

Kabla ya kupanda mti wowote, fundi mwenye akili huuzunguka. Huugonga kwa kisogo cha shoka: mti mzima hutoa sauti nzito, wenye pango hulia kama ngoma. Hutazama uyoga ulioota shinani, ambao ni dalili ya mizizi kuoza; hutazama ardhi iliyoinuka upande mmoja, nyufa katika panda, na nyuki. Nyuki wamewaangusha watu ambao tawi halikuwaangusha. Mti uliooza haupandwi. Huangushwa kwa kamba kutoka chini, au kazi yenyewe hukataliwa.

Hapa ndipo familia inapohusika. Kazi hii huua. Mtu aliyetoka salama jeshini au katika polisi asije akaacha mjane kwa sababu ya ujira wa nusu siku. Kamba ya katani iliyolala ghalani misimu miwili haifai kumshika binadamu. Ikatumike kufungia mbuzi. Kofia ngumu, miwani, viatu vya ngozi na mkanda wa kupandia ni vitu vya kununua kabla ya msumeno wa injini, wala si baada yake. Mwanzoni msumeno mzuri wa mkono, panga, kamba mbili na ngazi hutosha kwa kupogoa, na mashine hukodishwa siku ya gogo kubwa. Ikisha kununuliwa, nyingi za siku hizi hutaka sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili yake maalumu, yaani mililita 20 katika kila lita. Anayekisia kwa jicho huunguza injini. Tena mashine hiyo haitumiki na mtu aliyesimama juu ya ngazi, wala kwa mkono mmoja, wala juu ya kichwa.

Umeme ni adui mwingine asiyeonekana. Nyaya za volti 11,000 na 33,000 hupita juu ya viwanja vingi, nao mti mbichi umejaa maji. Tawi likiukaribia waya, umeme waweza kumfikia mpandaji kabla hajaugusa. Mti uliokumbatiana na waya si kazi ya fundi wa mtaani hata mteja akimpa fedha maradufu. Upande wa Uganda ugavi ulikuwa mikononi mwa kampuni ya Umeme tangu 2005, na tangu tarehe 1 Aprili 2025 umo mikononi mwa kampuni ya serikali, UEDCL. Upande wa Kenya wahusika ni Kenya Power. Hao huarifiwa, waya huzimwa na watu wao wenyewe, ndipo mtu akapanda.

Ugomvi wa kazi hii, aghalabu, hauko juu ya mti. Uko juu ya kuni. Mteja hudhani kwamba kwa kuwa ameruhusu mti wake ukatwe, fundi ndiye amlipe yeye. Fundi naye hudhani magogo ni yake pamoja na ujira. Kwa hiyo mapatano yaandikwe kabla ya kamba kurushwa: matawi yapi yanatoka, nani achukue kuni, nani afagie majani, na bati likitobolewa nani atalipa. Karatasi moja, sahihi mbili. Mke wa sajini, ambaye ndiye mwenye daftari, asimruhusu bwana kuondoka nyumbani bila karatasi hiyo. Katika daftari hilohilo kila kazi iwe na mistari yake: petroli, oili, mnyororo, ujira wa vijana, usafiri, na fungu la kuweka kando kwa ajili ya matibabu. Kijana anayevuta kamba kwa siku moja naye ni mfanyakazi. Nchi zote mbili zina sheria ya fidia kwa anayeumia kazini, na upande wa Kenya ile ya 2007 humtaka mwajiri awe na bima.

Juu ya mpaka wenyewe, tangu mwaka 2014 raia wa Uganda, Kenya na Rwanda huvuka kwa kitambulisho tu, na kituo cha pamoja cha Busia kilizinduliwa rasmi Februari 2018. Watu wamezoea kuvuka hata wakadhani kwamba na magogo huvuka vivyo hivyo. La hasha. Kila upande una sheria yake ya misitu, Uganda ile ya 2003 na Kenya ile ya 2016, na kusafirisha magogo, kuni au makaa huhitaji kibali hata yakiwa yametoka katika ua wa mtu binafsi. Fundi wa Tororo aliyeitwa Busia ya Kenya na aitangaze mashine yake forodhani, aulize ofisi ya kaunti juu ya leseni, na kuni aziuze kulekule zilikokatwa. Mvule hasa, kwa thamani ya mbao yake, usiguswe kabla ya kumwona ofisa wa misitu wa wilaya au wa kaunti. Wapo wanaotumia neno "kupogoa" kwa kuficha kuuza mvule wa yatima, na polisi wanaosoma ukurasa huu wanawajua.

Mvule, kwa kweli, ni mti wenye taabu kurudisha. Mche wake hushambuliwa na mdudu mdogo sana afanyaye vinundu katika majani na vichipukizi, hata ncha ikafa na mche ukadumaa. Kwa sababu hiyo ulio mkubwa kando ya shamba haupatikani tena kwa kupanda haraka, na tawi lake moja lililokauka, likiondolewa vizuri, humpa fundi ujira na kuuacha mti. Miadi ya kuutazama tena iandikwe katika daftari: mwisho wa Februari kabla ya mvua kubwa, na Julai kabla ya ile ya pili. Siku hizo mteja hajawa na hofu, ngazi haitelezi, na bei huzungumzwa kwa utulivu.